UZI: Mlima ulioporomoka Greenland na kuifanya dunia itetemeke siku tisa mfululizo

Mleta uzi

Wakuu, heshima kwenu.

Septemba 16, 2023 vipimatetemeko vya duniani kote, kuanzia Aktiki hadi Antaktika, vilianza kuchora kitu ambacho wataalamu wa matetemeko hawakuwahi kukiona. Tetemeko la ardhi lina sura yake inayojulikana: mawimbi ya kasi na ya taratibu yanafika yakiwa yamechanganyika, chati inachafuka, na baada ya dakika kadhaa au saa chache hali imetulia. Hiki kilikuwa mpigo mmoja tu, laini, unaopanda na kushuka kila baada ya sekunde 92 hivi. Siku ya kwanza ikapita, ya pili, ya tatu, na mpigo upo palepale. Ulidumu siku tisa.

Waliokuwa wakiufuatilia waliuita kwa muda "kitu kisichotambulika", maana hapakuwa na fungu la kuuweka. Haukufanana na tetemeko wala na mngurumo wa volkeno.

Nimeuleta uzi huu kwa sababu jibu lilipopatikana lilinibadilisha namna ninavyoitazama barafu inayoyeyuka. Tumezoea kusikia kwamba barafu ikiyeyuka bahari inapanda. Ni kweli, ila kuna upande mwingine unaosemwa mara chache: barafu ndiyo inayoishikilia baadhi ya milima isianguke. Ikiondoka, mwamba nao unafuata.

Wakati wataalamu wa mitetemo wanahangaika na chati zao, Denmark kulikuwa na taarifa nyingine kabisa. Tsunami ilikuwa imepiga Dickson Fjord, hori refu na jembamba la bahari lililobanwa na milima mashariki mwa Greenland, mahali ambapo hakuna makazi ya watu. Mawimbi yake yalikuwa yamefika hadi Ella Ø, kisiwa kilicho umbali wa kilomita 70 hivi, na kuharibu kituo kilichopo pale. Kwa bahati njema watu hawakuwepo, na hakuna aliyekufa.

Basi upande mmoja walikuwa na mtetemo usiojulikana umetoka wapi, upande wa pili walikuwa na mahali na uharibifu bila kujua kwamba tukio lao limesikika dunia nzima. Wakaanza kuzungumza mtandaoni. Walipopima jinsi mawimbi yalivyofika kwenye kila kituo na kurudi nayo nyuma, yote yalielekea mashariki mwa Greenland. Kundi likakua hadi watafiti 68 kutoka nchi 15, wakiongozwa na Kristian Svennevig wa taasisi ya jiolojia ya Denmark na Greenland, akiwemo Stephen Hicks wa University College London. Matokeo yao yalitoka kwenye jarida la Science Septemba 2024. Mwezi mmoja kabla yake, timu nyingine iliyoongozwa na Angela Carrillo-Ponce wa kituo cha GFZ cha Ujerumani ilikuwa imechapisha uchambuzi wake, nayo ikaishia kwenye hori lilelile. Timu mbili zikifika mahali pamoja kwa njia zao wenyewe, mimi huamini zaidi kuliko timu moja hata ikiwa kubwa kiasi gani.

Sasa kilichotokea. Juu ya hori kulikuwa na kilele chenye urefu wa kilomita 1.2 hivi, na miguuni pake mto wa barafu. Kwa miongo mingi mto huo umekuwa ukipungua unene, hadi ukafika mahali hauwezi tena kuubeba ubavu wa mlima. Siku hiyo kilele kikakatika, kikaangukia barafu, kikaizoa, na mwamba na barafu vikateremka pamoja kwenye korongo hadi majini. Zaidi ya mita za ujazo milioni 25. Maji yakarushwa juu ya kuta za hori hadi kimo cha mita 200.

Tsunami yenyewe ilipita haraka. Kilichofanya kazi ya siku tisa ni maji yaliyobaki humo ndani yakiyumba, kama ya kwenye beseni uliloligonga ubavuni. Na hayakuyumba kwa urefu wa hori bali kwa upana wake, kutoka ukuta mmoja hadi wa pili na kurudi.

Mwenye kalamu anaweza kuihakiki hesabu yake. Kasi ya wimbi refu majini inategemea kina. Zidisha mvutano wa dunia, 9.81, kwa kina cha hori ambacho ni mita 540, kisha tafuta kipeuo cha pili cha jibu: unapata mita 73 hivi kwa sekunde. Upana ni kilomita 2.7, kwa hiyo kwenda na kurudi ni mita 5,400. Gawanya, utapata sekunde 74. Mpigo halisi ni sekunde 92, na tofauti hiyo ina maelezo: hesabu hii inachukulia kwamba hori ni boksi lenye kuta za wima, wakati kwa kweli kina kinapungua kadiri unavyokaribia kingo, na penye kina kifupi wimbi hupunguza mwendo. Safari inarefuka. Kwa hesabu ya mistari mitatu, kukaribia hivyo kunatosha kuonyesha kwamba anayepiga ngoma hii ni maji ya hori, na kwamba mwendo ni wa upana. Myumbo wa ziwa zima kwa urefu ni wa taratibu mno. François-Alphonse Forel, mwanasayansi wa Uswisi, aliuchunguza myumbo wa Ziwa Geneva karne ya 19, na mmoja huchukua takribani dakika 74.

Kwa nini haukuisha upesi? Kwa sababu ya umbo la mahali. Upande mmoja hori limezibwa na barafu, upande wa pili linapiga kona kali kabla ya kuelekea bahari kuu. Nguvu haikuwa na mlango wa kutokea. Ikawa inapotea kidogo kidogo tu, na sehemu yake ikaingia kwenye mwamba na kusafiri dunia nzima.

Karibuni kwa maswali na nyongeza.

Mchangiaji #2

Shukrani mkuu kwa kuliweka kwa utaratibu. Ila hapo mwisho ndipo sijaelewa. Tunaongelea hori moja lenye upana wa kilomita chache. Maji yake yanawezaje kuitetemesha ardhi hadi Antaktika, wakati hata matetemeko mengi ya kweli hayasikiki nchi ya jirani?

Mleta uzi

Swali zuri mkuu. Kwanza niseme wazi kwamba hakuna binadamu aliyeuhisi mtetemo huo. Vipimatetemeko vya kisasa vinanasa mwendo mdogo sana ambao mwili hauwezi kuutambua, kwa hiyo "dunia kutetemeka" hapa ni kwa macho ya vyombo.

Pili, angalia uzito. Maji yanapohamia ukuta wa kaskazini, mzigo mkubwa sana unaegemea upande huo wa mwamba. Sekunde 46 baadaye mzigo uleule umeegemea ukuta wa pili. Ni msukumo wa ubavu kwa ubavu unaorudiwa bila kukosea, maelfu ya mara.

Tatu, na hili ndilo kubwa, mawimbi ya muda mrefu hivyo hayaliwi na ardhi njiani. Mtetemo wa haraka unaotikisa vyombo kabatini hufyonzwa na miamba mapema, ndiyo maana tetemeko dogo halisikiki mbali. Wimbi la sekunde 92 linatambaa kwenye tabaka za juu za dunia likipoteza kidogo sana. Ndani ya saa moja hivi lilikuwa limeshafika Antaktika kutoka Greenland.

Mchangiaji #3

Mada nzuri ila naomba tusikimbilie kulaumu joto la dunia kwa kila kitu. Milima imeporomoka tangu kuumbwa kwake. Lituya Bay kule Alaska mwaka 1958 maji yalipanda mita 524, zaidi ya mara mbili ya haya ya Greenland, na miaka hiyo nani alikuwa anaongelea mabadiliko ya tabianchi?

Mleta uzi

Mkuu #3, nakubali kabisa kwamba milima huanguka yenyewe, na mfano wa Lituya ni sahihi. Lakini angalia kilichousukuma ule mwamba: tetemeko la ukubwa wa 7.8. Kilichoondoa uimara pale kinajulikana na kina tarehe.

Maporomoko yoyote yanahitaji vitu viwili. Kwanza mwamba wenye udhaifu tayari, nyufa na matabaka yaliyolala vibaya, na huo mara nyingi ni wa miaka maelfu kwa maelfu. Halafu kitu kinachouondolea mwamba huo msaada. Joto halikuzitengeneza nyufa za Dickson. Lilichoondoa ni egemeo. Bonde lililochongwa na barafu lina kuta kali, na barafu yenyewe ndiyo inayozisukuma kwa ubavu zisimame. Ipunguze unene, ukuta unabaki unajitegemea. Zaidi ya hapo, kwenye milima ya baridi kali kuna barafu ndani ya nyufa inayoyashika mawe pamoja, nayo ikilainika kile kilichokuwa kipande kimoja kinakuwa vipande vingi.

Na kasi ndiyo inayonitia hofu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 na Mika Rantanen na wenzake wa Finland ulionyesha kwamba tangu 1979 Aktiki imepata joto kwa kasi inayokaribia mara nne ya wastani wa dunia. Setelaiti zinazopima mvutano zinaonyesha Greenland imekuwa ikipoteza wastani wa tani bilioni 270 hivi za barafu kwa mwaka tangu 2002. Sisemi kila jiwe linaloanguka ni la tabianchi. Nasema maegemeo yanaondolewa kwenye kuta nyingi kwa wakati mmoja, na hilo halikuwepo mwaka 1958.

Mchangiaji #3

Hapo kwenye egemeo umenijibu. Nilichukulia mnasema joto limevunja mwamba.

Mchangiaji #4

Kuna jambo linanisumbua katika habari hii. Nimesoma kwamba meli ya jeshi la Denmark iliingia kwenye hori hilo siku tatu baada ya tukio na haikuona wimbi lolote. Kama maji yalikuwa yanayumba kiasi cha kusikika Antaktika, mabaharia walikuwa ndani yake na hawakuona kitu? Isije ikawa ni nadharia nzuri ya kwenye kompyuta tu.

Mleta uzi

Mkuu, hilo ndilo lilikuwa tundu halisi la utafiti wa 2024, na sifichi. Wimbi lenyewe lilitokana na mahesabu. Hakuna aliyekuwa ameliona.

Kwanza kuhusu meli. Modeli ya Svennevig na wenzake inaonyesha myumbo ulishuka hadi mita 7 ndani ya dakika chache za mwanzo, na siku chache baadaye ulikuwa wa sentimita tu. Sasa fikiria uko juu ya meli, maji yanapanda sentimita kadhaa kwa taratibu ya dakika moja na nusu, katikati ya vipande vya barafu na mawimbi ya kawaida ya upepo. Jicho halina namna ya kulitenga. Chombo kilichotulia juu ya mwamba kinaweza.

Ila kutokuonekana si ushahidi wa kuwepo, kwa hiyo hoja yako ilibaki hadi Juni 2025, timu iliyoongozwa na Thomas Monahan wa Oxford ilipochapisha kwenye Nature Communications. Walitumia setelaiti ya SWOT, ya Marekani na Ufaransa, iliyorushwa Desemba 2022, miezi michache tu kabla ya tukio. Setelaiti za zamani za kupima kimo cha bahari hupima mstari mmoja mwembamba moja kwa moja chini yake. Kwa bahari kuu inatosha, lakini kwa hori lenye upana wa kilomita chache ni kama hakuna. SWOT ina antena mbili kwenye mkono wa mita 10, na kwa kulinganisha mwangwi unaorudi kwenye kila moja inachora uso wa maji kwa upana, si kwa mstari.

Walichokikuta ni maji yaliyoinama. Upande mmoja wa hori ulikuwa juu kuliko wa pili, kwa tofauti iliyofika hadi mita 2. Na ukilinganisha vipimo vya nyakati tofauti, mwinamo umegeuka: mara kaskazini kuko juu, mara kusini. Hicho ndicho kitu ambacho maji yanayoyumba kwa upana yanapaswa kufanya. Upepo na kupwa na kujaa waliviangalia pia, na havikutosha kueleza. Kwa kuunganisha picha hizo na kumbukumbu za vipimatetemeko, walikadiria myumbo wa mwanzo kuwa mita 7.9. Waliotangulia walisema 7. Kwa watu waliotumia njia tofauti, hiyo ni karibu sana.

Mchangiaji #4

Umeeleweka mkuu. Hiyo ya mwinamo kugeuka ndiyo niliyokuwa naitafuta.

Mchangiaji #5

Naongeza kuni kwenye moto, maana uzi huu usije ukaachwa kama habari ya mahali pasipo na watu.

Juni 17, 2017, Greenland hiyohiyo lakini magharibi, mlima uliporomoka kwenye Karrat Fjord. Wimbi likakipiga kijiji cha Nuugaatsiaq. Watu 4 walikufa na nyumba 11 zikachukuliwa. Februari 7, 2021, Chamoli kaskazini mwa India, mwamba na barafu vya mita za ujazo milioni 27 hivi vilikatika juu mlimani, karibu sawa na Dickson. Hapakuwa na hori la kulipokea, kulikuwa na mabonde yenye mito na miradi ya umeme. Waliokufa na waliopotea walizidi 200. Na Norwei wanakumbuka Tafjord, Aprili 1934: mwamba wa mita za ujazo milioni 3 hivi ulitosha kuua watu 40.

Yaani Dickson ilikuwa zaidi ya mara nane ya Tafjord. Na njia za karibu na hapo meli za watalii huzitumia. Naona watu wanaisoma kama hadithi ya kisayansi ya kupendeza. Mimi nasoma kwamba palikosekana meli tu siku hiyo.

Mchangiaji #6

Je, kuna namna ya kujua mapema? Maana hapa naona wote wanaeleza baada ya kutokea.

Mchangiaji #5

Ipo, ila inategemea mlima uko wapi. Mei 2025 kijiji cha Blatten, Uswisi, kilifukiwa na mwamba na mto wa barafu wa Birch ulipoporomoka tarehe 28. Sehemu kubwa ya kijiji imeondoka. Lakini wakazi wapatao 300 walikuwa wamehamishwa tangu tarehe 19, kwa sababu mlima ulikuwa unatazamwa na ukaanza kuonyesha dalili. Alikufa mtu mmoja. Bila wale waliokuwa wanapima mwendo wa mlima, tungekuwa tunahesabu familia nzima nzima. Norwei nako mlima wa Åknes, juu ya mahori yenye vijiji na watalii, unapimwa muda wote kwa sababu ubavu wake unasogea sentimita kadhaa kila mwaka, na kinachohofiwa kuanguka kinaweza kufika mita za ujazo milioni 54.

Mleta uzi

Asante #5, umeisema vizuri kuliko mimi.

#6, tofauti ya Blatten na Dickson ni vyombo na watu. Uswisi kila bonde lina macho. Greenland ina maelfu ya kilomita za mahori, na huwezi kuweka vyombo kwenye kila ukuta. Kinachowezekana ni kupunguza orodha: rada za setelaiti zinaweza kuonyesha ubavu unaosogea kwa milimita, kisha vyombo vya karibu vikapelekwa kwenye ile michache iliyo juu ya vijiji au njia za meli.

Kengele ya dakika za mwisho ni ngumu zaidi. Mwamba ukishakatika juu ya hori, aliye chini yake hana muda. Aliye mbali kama Ella Ø anao, kwa sababu mtetemo husafiri ndani ya ardhi haraka kuliko tsunami majini. Kwa hiyo kituo cha mitetemo kilicho karibu, chenye mtambo unaotambua sauti ya maporomoko na kuitofautisha na tetemeko, kinaweza kuwapa watu wa mbali dakika za kupanda juu. Kinachohitajika ni vituo, na kwa eneo lile viko vichache na viko mbali.

Mchangiaji #2

Swali la mwisho mkuu. Baada ya kile kilele kuanguka, pale pamekwisha? Au bado kuna kilichobaki?

Mleta uzi

Hapajaisha. Oktoba 11, 2023, chini ya mwezi mmoja baadaye, paliporomoka tena, tsunami ikatokea, na vipimatetemeko vikachora tena mpigo wa sekunde 92. Safari hii ulikuwa dhaifu zaidi. Kuwa na mpigo uleule ni uthibitisho mwingine wa hoja ya awali, kwa sababu hori lina upana na kina vilevile, kwa hiyo ukilisukuma leo au kesho litayumba kwa mwendo wake uleule. Aina ya jiwe lililoanguka haibadilishi hilo.

Na hapo ndipo naona kazi kubwa iliyobaki. Kila hori lina mpigo wake, na ramani za kina na upana zikiwepo unaweza kuukadiria kabla. Kumbukumbu za vipimatetemeko za miongo iliyopita zimehifadhiwa na nyingi ziko wazi kwa yeyote. Mtu anaweza kurudi nyuma akatafuta mipigo laini, ya muda mrefu, ambayo wakati ule ilipita kama kelele kwa sababu hakuna aliyejua aitafute. Ikipatikana, tutajua kama maporomoko ya namna hii yanaongezeka kweli, kwa tarehe na mahali. Kama kuna mwanafunzi wa jiofizikia anayesoma hapa na anatafuta mada ya utafiti, data ipo na haihitaji kufika Greenland.